Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kupitisha mchango; sasa mtoto wa jirani yangu yuko nyumbani

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, na huu ni mwaka wa nne tangu wazazi wanichague kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu hapa Tanzania. Ni shule ya serikali, ina wanafunzi 612. Nakuandikia kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kulizungumza kijijini bila kumuumiza mtu, na kila siku ninayonyamaza naona ninazidi kumuumiza mmoja.

Miaka miwili iliyopita watoto wetu walikuwa wakishinda na njaa. Wengi hutoka nyumbani alfajiri bila kula, na baada ya mapumziko ya saa nne wengine walikuwa hawarudi tena darasani. Wawili walianguka mstarini katika muhula mmoja. Fedha ya uendeshaji tuliyoelezwa kwenye kamati ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo zinazofika shuleni ni Sh 6,000. Ukipiga hesabu kwa shule yetu ni kama Sh 306,000 kwa mwezi, na humo ndimo zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati na mengine yote. Uji haumo, wala mlinzi hayumo.

Nikaitisha mkutano wa wazazi. Mimi ndiye niliyetoa hoja, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: kila mtoto achangiwe Sh 2,500 kwa mwezi, Sh 2,000 za uji na Sh 500 za mlinzi. Mkutano ulipitisha. Baadaye, wachangiaji walipoanza kulalamika kwamba wanawalisha watoto wa wasiolipa, tuliongeza azimio kwamba mtoto ambaye hajalipiwa hadi tarehe 15 atarudishwa nyumbani akamlete mzazi. Muhtasari huo una saini yangu.

Uji umefanya kazi. Mahudhurio yamepanda, watoto wanakaa darasani hadi mchana, na walimu wenyewe wanasema ufundishaji umekuwa mwepesi. Mwalimu mkuu ni mtu mwema na hajawahi kula senti ya mchango. Kila mwezi anatusomea hesabu.

Jirani yangu analea watoto wawili peke yake kwa vibarua vya kulima. Siku za kupanda hupata kama Sh 4,000 kwa siku. Mvua ikikatika hapati kitu. Mtoto wake mkubwa yuko Darasa la Nne. Alirudishwa kwa sababu ya mchango wa miezi mitatu, na sasa ana wiki ya tatu nyumbani; asubuhi namwona akipita na mzigo wa kuni wakati wangu anakwenda shule. Mwezi mmoja niliwahi kumlipia kimya kimya. Alipogundua alikuja kunishukuru, kisha akaniomba nisirudie, maana wanawe walikuwa wameanza kuitwa watoto wa kulipiwa.

Wiki iliyopita aliniuliza uso kwa uso: "Mama Mwenyekiti, si tunaambiwa elimu ni bure? Hivi sheria inasemaje?" Nilijibu kwamba nitamuuliza mwalimu. Haikuwa kweli. Nilihudhuria semina ya kamati za shule na ninajua waraka wa elimu wa serikali unakataza mtoto kurudishwa kwa ajili ya mchango. Nilinyamaza kwa sababu naogopa kwamba neno hilo likitoka kinywani mwangu, kesho yake hakuna atakayelipa, uji utakufa, na watoto 600 watarudi kwenye njaa ili mmoja arudi darasani. Pia naogopa kwamba habari zikifika wilayani, atakayeadhibiwa ni mwalimu mkuu, ambaye alitekeleza tu azimio letu.

Mume wangu anasema nijiuzulu, nipate amani. Je, nimwambie jirani ukweli? Nipeleke jambo hili kwa Afisa Elimu Kata? Au ninyamaze ili uji uendelee?

Mama Mwenyekiti

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Mwenyekiti.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale unapokiri kwamba uliyomjibu jirani yako hayakuwa kweli. Hakuna aliyekulazimisha kuliandika hilo. Naliona kama dalili kwamba umeshaanza kujibu swali lako, na kwamba unachotafuta kwangu ni mtu wa kulitazama pamoja nawe kabla hujafanya jambo lisiloweza kurudishwa nyuma.

Kwa jinsi ninavyokuelewa, mizigo yako ni mitatu. Upo uji, ambao umeujenga kwa mikono yako na umewasaidia watoto wengi. Yupo mtoto mmoja aliye nje ya darasa kwa azimio lenye saini yako. Na yupo mwalimu mkuu, mtu mwema, anayeweza kubeba lawama isiyo yake peke yake. Umeifunga mizigo hiyo kamba moja, kwa namna kwamba ukigusa mmoja yote inaanguka. Naomba tuanze kwa kuichunguza hiyo kamba.

Unaandika kana kwamba sheria na uji haviwezi kukaa chungu kimoja. Lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, ule uliofafanua utekelezaji wa elimu msingi bila malipo, haukukataza watoto wa kutwa kula shuleni; uliliacha suala la chakula chao mikononi mwa wazazi, pamoja na sare, madaftari na matibabu. Kilichokatazwa, na ambacho Rais John Magufuli alikirudia kwa ukali Januari 2018, ni kumzuia mtoto kusoma kwa sababu mzazi wake hajachanga. Kwa maneno mengine, azimio lenu la kwanza na azimio lenu la pili ni mambo mawili tofauti. La kwanza lilileta uji na la pili likafunga mlango. Je, umewahi kupima kama uji unasimama kwa sababu ya mlango uliofungwa, au kwa sababu wazazi wengi wameona kwa macho yao kwamba watoto wanashiba na kusoma? Mimi sijui jibu kwa kijiji chenu. Ninachoona ni kwamba katika barua yako umelichukulia kuwa tayari limejibiwa.

Dhana ya pili inahusu ule mkutano. Unasema wazazi walipitisha, na sina shaka kwamba mikono ilinyooshwa. Lakini jirani yako alikuwapo? Mtu wa kibarua siku za kulima huchagua kati ya mkutano na chakula cha jioni. Na kama alikuwapo, angethubutu kubaki na mkono chini mbele ya majirani wote, huku mwenyekiti ameunyoosha wake wa kwanza? Sikulaumu kwa hili, kwa maana ndivyo mikutano yetu ilivyo. Nakuuliza tu kwa sababu neno "ulipitisha" linabeba mzigo mkubwa katika barua yako, na huenda halina nguvu ya kuubeba.

Jambo hili halijaanzia kijijini kwenu. Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, ambao ibara yake ya 13 inasema elimu ya msingi iwe ya lazima na itolewe bure kwa wote. Mwaka 1999 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza maana ya neno "bure", na haikuishia kwenye ada. Ilitaja pia michango ya lazima inayotozwa wazazi, ikaongeza kwamba wakati mwingine michango hiyo huitwa ya hiari ilhali sivyo. Niliposoma maelezo yako ya mkutano ule nilikumbuka maneno hayo, kwa sababu yanaonyesha kwamba mtego mlioingia ni wa zamani na umewanasa watu wema katika nchi nyingi.

Ahadi haikuishia hapo. Mwaka 1991 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, na mwaka 2003 Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao ibara yake ya 11 inaitaka serikali itoe elimu ya msingi bure na ya lazima, na pia ichukue hatua za kuhimiza mahudhurio na kupunguza utoro. Ndani ya nchi, hata hivyo, ahadi ina sura nyingine. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inazungumzia haki ya kujielimisha na kusema kwamba serikali itafanya jitihada ili watu wote wapate fursa sawa za elimu, lakini imo katika sehemu ambayo ibara ya 7 inasema haitatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Mikataba nayo haitumiki mahakamani moja kwa moja mpaka Bunge liitungie sheria. Ndiyo maana jirani yako anaposikia redioni kwamba elimu ni bure, kisha mwanawe akarudishwa kutoka mstarini, hajui aende wapi akadai. Haki yake imeandikwa mahali pengi, ila mahali pa karibu anapoweza kuidai ni kwako.

Kuna jambo jingine ambalo sina hakika kama umelitazama. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, elimu ya msingi ni ya lazima, na mzazi ana wajibu wa kuhakikisha mtoto wake anahudhuria mpaka amalize. Mzazi anayemwacha mtoto nyumbani anaweza kufikishwa mbele ya sheria. Sasa mfikirie jirani yako: shule imemrudisha mtoto, na wakati huohuo sheria inamtaka yeye ahakikishe mtoto yuko shuleni. Mtendaji wa kijiji akipita nyumba kwa nyumba kukagua watoro, atamkuta mama huyu na mwanawe mwenye kuni, wala hatakuta muhtasari wenu. Nadhani ana haki ya kujua kwamba anasimama hapo, lolote utakaloamua kuhusu mengine.

Njia ya kwanza uliyoitaja ni kumwambia ukweli. Unaogopa kwamba neno litasambaa, na hofu hiyo ina msingi, maana kijiji hakifichi kitu. Wapo wazazi wenye uwezo watakaolifanya kisingizio. Hata hivyo, jirani yako hakuomba msamaha wa mchango wala hakutaka fedha. Aliuliza swali, na alikuuliza wewe. Mama aliyekataa kulipiwa kimya kimya kwa sababu ya heshima ya wanawe ni mtu anayejua thamani ya maneno. Je, upo uwezekano wa kumweleza ukweli pamoja na hofu yako ya uji, badala ya kuuficha ukweli kwa ajili ya hofu hiyo? Pengine angekuwa na la kusema ambalo wewe na mimi hatujaliwaza. Pengine pia angekasirika, na ungepaswa kukaa na hasira yake. Na ukimwambia kabla kamati haijaliondoa azimio, utakuwa umempa haki mkononi na kumwacha aende kugombana na mwalimu peke yake. Hilo nalo lipime.

Njia ya pili ni kulirudisha jambo kwenye kamati na mkutano wa wazazi, kwa lengo la kuufungua mlango huku uji ukibaki. Njia hii nakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya madaraka yako: kamati ya shule ni chombo kinachotambuliwa na Sheria ya Elimu, na azimio lililopitishwa kwa mikono linaweza kuondolewa kwa mikono. Nimeona jamii zinazochangia kwa debe la mahindi baada ya mavuno badala ya fedha kila mwezi, kwa sababu mkulima wa mvua hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Wengine hulima shamba la shule, wengine huleta kuni au kuteka maji ya kupikia. Mtoto wa jirani yako anabeba kuni kila asubuhi, Mama Mwenyekiti, na shule yenu inapika uji kwa kuni. Lakini hapa pia pana hatari. Ukiwaweka wasio na uwezo kwenye orodha yao, hata ukiichukua kutoka kwenye daftari la kaya zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, utakuwa umetengeneza upya kundi la watoto wa kulipiwa, safari hii kwa karatasi rasmi. Na katika vijiji vingi orodha hiyo yenyewe ina ugomvi wake.

Liko pia swali ambalo sheria hailimalizi. Tuseme azimio limefutwa na mtoto amerudi. Saa nne inafika, sufuria inafunuliwa, na yeye hajalipiwa. Atasimama wapi? Waraka utakuwa umetekelezwa kwa sababu yuko shuleni, lakini mtoto wa Darasa la Nne anayewatazama wenzake wakinywa uji amefundishwa jambo siku ile, na si hesabu. Wachangiaji wenu walilalamika kwamba wanawalisha watoto wa wasiolipa. Sidhani kwamba ni watu wabaya. Wengi wao nao wanajinyima. Ila inawezekana hawakuwahi kuulizwa swali hilo kwa namna ya mtoto mwenyewe anayesimama pembeni ya sufuria, ila kwa namna ya deni la mzazi wake. Namna utakavyoliweka mezani inaweza kubadilisha majibu, na inaweza isibadilishe.

Njia ya tatu ni Afisa Elimu Kata. Hofu yako kuhusu mwalimu mkuu ni ya kweli, kwa sababu suala la michango likifika juu, mwalimu ndiye wa kwanza kuulizwa. Lakini iko tofauti kati ya mwenyekiti anayekwenda kumshitaki mwalimu na kamati inayoandika, mwalimu akiwamo, kueleza kwamba ilipitisha azimio lililovuka mpaka, imeliondoa, na sasa inaomba halmashauri iseme itasaidiaje kuhusu chakula na mlinzi. Barua ya namna hiyo hailazimishi mtu yeyote kuleta fedha. Huenda ikakaa kwenye faili. Ila inaweka deni mahali lilipo. Ada za shule nchini mwetu zimeondoka na kurudi: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni kufikia mwaka 1977, karo zikarudi katika miaka ya 1980, zikafutwa tena shule za msingi mwaka 2001, kisha mwaka 2016 elimu bila malipo ikapanuliwa hadi kidato cha nne. Kila mara pengo lililobaki kati ya ahadi na fedha limezibwa na watu kama wewe, kwa Sh 2,500 za watu kama jirani yako. Nakuambia hili ili uache kuubeba kana kwamba ni kosa ulilolizaa wewe, ingawa sehemu ya mlango ulioufunga ni yako. Ikiwa mazungumzo ya ngazi hizo yatashindikana, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa msaada huo bila malipo. Sioni kwamba mmefika huko.

Kujiuzulu nakugusia kwa ufupi tu. Mumeo anakutakia amani, na ni haki yake kukutakia. Ila muhtasari utabaki ofisini na saini yako itabaki juu yake, na atakayekaa kwenye kiti hicho huenda asiyajue unayoyajua. Uchovu ni sababu halali ya kuondoka. Ukiona ndio unaokusukuma, sitakulaumu.

Na kunyamaza? Nakuomba ulipime kwa siku. Mtoto huyu yuko Darasa la Nne, na mwishoni mwa mwaka kuna upimaji wa kitaifa. Wiki tatu zinaweza kufidiwa na mwalimu mwenye moyo, na wewe umeniambia mwalimu wenu anao. Je, yeye mwenyewe umemuuliza anasemaje juu ya azimio hili, mkiwa wawili, bila kamati? Katika barua yako nzima umeeleza hofu yako juu yake, na sijaona mahali uliponiambia maoni yake. Mtu anayesoma hesabu za mchango kila mwezi bila kuombwa huenda naye amekuwa akilitazama daftari la mahudhurio la Darasa la Nne, akisubiri mwenyekiti aseme kwanza.

Utakapomwona jirani yako akipita tena asubuhi, iwe umeshapata majibu au hujapata, nadhani unaweza angalau kumwambia kwamba swali lake hukulisahau. Naomba uniandikie baada ya hapo, unieleze alisemaje.

Mshauri wako